Alix na James Strachey: Mwaka Mmoja wa Barua

Juzuu ya tatu ya makala za Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi nafsia, yaani tiba ya nafsi kwa njia ya mazungumzo, ilipotoka kwa Kiingereza London mwaka 1925, ukurasa wake wa mwanzo ulitaja watafsiri wawili kwa mpangilio huu: Alix na James Strachey. Mkusanyo kamili wa kazi zake za kisaikolojia, ambao hatimaye ulifikia juzuu 24, ulianza kutoka mwaka 1953 ukiwa na maelezo tofauti. Humo tunaambiwa kwamba tafsiri ilifanywa chini ya uhariri mkuu wa James Strachey, kwa kushirikiana na Anna Freud, binti yake Freud, akisaidiwa na Alix Strachey na Alan Tyson. Mke ambaye jina lake lilitangulia mwaka 1925 alikuwa sasa msaidizi. Mwanafunzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayemsoma Freud kwa Kiingereza mara nyingi hukutana na mkusanyo huu wa pili au vitabu vilivyochotwa humo, na hakuna kinachomfanya ajiulize kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili. Mimi naona anastahili kujiuliza, na sehemu ya jibu imo katika barua ambazo mume na mke hao waliandikiana kuanzia Septemba 1924 hadi mwaka uliofuata, Alix akiwa Berlin na James akiwa amebaki nyumbani kwao London.

Barua hizo zilichapishwa katikati ya miaka ya 1980, na tangu wakati huo watu wengi wamezisoma wakitafuta udaku. Chanzo chake ni rahisi kukiona. James alikuwa mdogo wake Lytton Strachey, mwandishi wa wasifu. Waliishi Gordon Square, katika mtaa wa Bloomsbury, wakizungukwa na marafiki kama waandishi Virginia na Leonard Woolf, na kundi hilo lilijulikana kwa kutojali miiko ya ndoa ya wakati wake. Anayetaka kujua nani alimpenda nani hatatoka mikono mitupu. Lakini akiishia hapo atakuwa amepitwa na jambo kubwa zaidi, kwa sababu hizi kwa kiasi kikubwa ni barua za kazi. Ni kumbukumbu za wachanganuzi wawili wanaopeana taarifa, wanaobishana juu ya hoja, wanaosukumana kuhusu kurasa ambazo hazijamalizika, na ambao kwa bahati nzuri pia wanapendana.

Wasifu wao nitaupitia kwa haraka. James alizaliwa mwaka 1887, akasoma Trinity College, Cambridge, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akakataa kupigana kwa sababu za dhamiri. Alipotaka kuingia katika uchanganuzi nafsia alishauriwa asomee udaktari kwanza; alijiandikisha, akaacha baada ya wiki chache. Alix Sargant-Florence alizaliwa New Jersey, Marekani, mwaka 1892, akalelewa Uingereza na mama mchoraji aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura, na akasoma lugha katika chuo cha Newnham, Cambridge. Walioana Juni 1920, na miezi michache baadaye wakahamia Vienna, ambako James alikuwa amekubaliwa na Freud mwenyewe. Muda si mrefu Freud akampokea Alix pia, akawa anamchanganua mume na mke kwa wakati mmoja, jambo ambalo mchanganuzi wa leo angelikataa bila kufikiri mara mbili. Wiki chache tu baada ya hapo akawapa makala yake kuhusu watoto wanaopigwa katika njozi za wagonjwa, akawaagiza waitafsiri kwa Kiingereza. Agizo lilikuwa la wote wawili, na huo ndio mwanzo wa kazi iliyowachukua maisha yao yote.

Alix alikwenda Berlin kwa sababu alihisi kazi aliyoianza kwa Freud haikukamilika. Alimtaka Karl Abraham, mchanganuzi wa huko. Mji ulikuwa umetoka tu katika mfumuko wa bei wa mwaka 1923, ulioifanya sarafu ya Ujerumani kuwa karatasi, lakini kwa mwanafunzi wa fani hii hapakuwa na mahali bora. Kliniki iliyofunguliwa mwaka 1920 na Max Eitingon, Ernst Simmel na Abraham ilikuwa ikitibu watu wasio na uwezo wa kulipa, na ndipo ulipojengwa utaratibu wa mafunzo ambao vyuo vingi vya uchanganuzi duniani viliuiga baadaye: mwanafunzi achanganuliwe yeye kwanza, asome nadharia, kisha atibu wagonjwa chini ya usimamizi. London haikuwa na kitu cha namna hiyo, na barua za Alix zilikuwa, mbali na mengine yote, ripoti za mjumbe aliyetumwa mahali ambapo mambo yalikuwa yanatokea. Alimwandikia mumewe waziwazi kwamba Abraham alimfaa kuliko Freud. Sentensi ya namna hiyo isingesemwa hadharani mwaka 1925 na mtu aliyekuwa akitafsiri kazi za Freud. Katika barua ya mke kwa mume ilisemwa bila kusitasita.

Jioni ya tarehe 13 Desemba 1924 Alix alihudhuria kikao cha Chama cha Uchanganuzi Nafsia cha Berlin. Mzungumzaji alikuwa Melanie Klein, mzaliwa wa Vienna, mama wa watoto watatu aliyetengana na mumewe, asiye na shahada yoyote, naye pia akichanganuliwa na Abraham. Alikuwa na dai zito: kwamba mtoto mdogo sana, hata asiyeweza kujieleza vizuri kwa maneno, anaweza kuchanganuliwa kwa kuangaliwa anavyocheza na vitu vya kuchezea vilivyowekwa mbele yake, kwa kuwa mchezo wa mtoto hubeba hofu na hasira zake kama maneno ya mtu mzima yanavyobeba zake. Hali haikuwa nzuri kwake. Miezi mitatu tu kabla, Hermine Hug-Hellmuth, aliyemtangulia Klein katika kazi ya watoto huko Vienna, alikuwa ameuawa na mpwa wake mwenyewe, kijana aliyemlea na kumwandika katika maandishi yake ya kitaaluma, na magazeti yalikuwa yameitumia habari hiyo kuupaka matope uchanganuzi wa watoto kwa jumla.

Kesho yake Alix akaketi kumwandikia James. Barua hiyo naihesabu miongoni mwa nyaraka muhimu za historia ya fani, na sioni aibu kuisifu. Anaeleza kwamba upinzani hatimaye ulijitokeza wazi, ukiongozwa na wachanganuzi wawili wa Berlin, Franz Alexander na Sándor Radó. Kisha anafanya kitu ambacho ripoti rasmi ya kikao haingeweza kukifanya: anachambua upinzani wenyewe. Maneno yaliyotumika, anasema, yalikuwa ya kitaalamu, ya hatari ya kudhoofisha kile kinachomzuia mtoto ndani ya nafsi yake. Lakini chini ya maneno hayo yeye alisikia ujumbe uleule wa watu wasioutaka uchanganuzi kabisa, kwamba mtoto asiambiwe ukweli wa kutisha kuhusu matamanio yake aliyoyafukia. Kwa lugha nyingine, Alix aliwashika wachanganuzi wakijilinda kwa istilahi za uchanganuzi. Alikuwa bado mwanafunzi, mgeni katika nchi ya watu, akisikiliza mjadala katika lugha ambayo si yake, na usiku mmoja ulimtosha kuona hilo.

Hakuishia kutoa maoni. Aliandaa muhtasari wa hoja za Klein na kuutuma London, na mwanzoni mwa 1925 James akausoma mbele ya Chama cha Uchanganuzi Nafsia cha Uingereza. Majibu yalirudi Berlin kwa njia ileile: mume akamweleza mke namna mjadala ulivyokwenda na jinsi Ernest Jones, mwanzilishi wa chama hicho, alivyokuwa upande wa Klein kwa moyo wake wote. Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Klein alialikwa London, na Julai 1925 akatoa mihadhara sita kwa muda wa wiki tatu, nyumbani kwa Adrian na Karin Stephen, namba 50 Gordon Square. Aliyemtafsiria mihadhara hiyo na kumfundisha Kiingereza cha kuisomea alikuwa Alix. Mwaka 1926 Klein alihamia Uingereza moja kwa moja. Yote yaliyofuata katika uchanganuzi wa Kiingereza, yaani mvutano wa Klein na Anna Freud, mgawanyiko wa chama wakati wa Vita Kuu ya Pili, na nadharia za utoto mchanga zinazofundishwa hadi leo, yalipitia mlango uliofunguliwa kwa barua ya mke kwenda kwa mumewe. Sidai kwamba Klein asingefika London bila Alix, maana mawazo yenye nguvu hupata njia yake. Ninachodai ni kwamba hii ndiyo njia aliyopitia kwa kweli, na historia za fani zinazomtaja Jones kuwa aliyemwalika bila kumtaja Alix aliyemleta zimeacha nusu ya habari.

Uhusiano wa Alix na Klein wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unaonyesha aina ya shahidi aliyekuwa. Hakuwa mfuasi aliyefumba macho. Katika barua moja anasimulia dansi ya vinyago waliyokwenda pamoja Berlin majira ya baridi, Klein akiwa amevaa kama Kleopatra, kifua wazi, amejaa vikuku na rangi ya mashavu, akiyafurahia maisha kuliko wote ukumbini. Kwingine analalamika kwamba mwanamke huyo anachosha na hana breki anapozungumza, kisha anaongeza papo hapo kwamba hapana shaka yoyote kwamba kichwa chake kimejaa mambo ya kusisimua na kwamba ana moyo mzuri. Mtu anayeweza kuchoshwa na mwenzake na bado akatambua ukubwa wake ni shahidi wa kuaminiwa kuliko mpambe, na nadhani James aliupa muhtasari wa Berlin uzito alioupa kwa sababu aliijua tabia hiyo ya mkewe.

Sambamba na hayo, tafsiri iliendelea. Juzuu ya 1925 ilibeba visa vitano vikubwa vya Freud, kuanzia kile cha msichana aliyemwita Dora hadi kile cha Mrusi aliyeota mbwa mwitu juu ya mti, na barua zinawaonyesha wakiishughulikia kazi hiyo huku bahari ikiwa katikati yao. Oktoba 1924 James alimsimulia Alix, kwa hasira asiyojaribu kuificha, kikao alichokuwa nacho na Jones kuhusu jina la Kiingereza la ile sehemu ya nafsi yenye matamanio ya asili, ambayo Freud aliiita kwa kiwakilishi cha kila siku cha Kijerumani, das Es. Jones alitaka neno la Kilatini, id. James alipinga, Jones akashikilia lake, na leo neno hilo limo katika kila kamusi ya Kiingereza. Atakayefungua mkusanyo wa miaka ya 1950 atalikuta limetulia kana kwamba halikuwahi kuwa na mpinzani. Ni katika barua tu ndipo tunapomkuta mtafsiri akiwa bado anagombana, na ni mkewe aliyechaguliwa kuusikiliza ugomvi huo kwa sababu ndiye aliyejua uzito wa kila neno.

Zipo kurasa ambazo hazinipendezi, na sitaki kuzipita kimya. James alikuwa na wagonjwa wake London, mmojawapo akiwa daktari kijana Donald Winnicott, aliyekuja kuwa miongoni mwa wachanganuzi wa watoto walioheshimika kuliko wote katika karne ya 20. Mambo yake ya ndani kabisa, pamoja na ya ndoa yake, yalisafiri hadi Berlin katika barua za mchanganuzi wake. Tunaweza kusema kwamba kanuni za usiri zilikuwa bado changa na kwamba mke alikuwa pia mwanataaluma mwenzake, na yote mawili ni kweli. Hata hivyo mgonjwa aliyelala kwenye kochi hakuwa ameombwa ridhaa. Fani iliyojengwa juu ya ahadi kwamba yaliyosemwa chumbani hayatoki nje ilikuwa inavuja kupitia mlango uliokuwa karibu nayo kuliko yote, yaani ndoa za wachanganuzi. Sina raha kwamba sehemu ya tunachokijua leo tumekijua kwa njia hiyo, na simwoni msomaji mwaminifu anayeweza kuwa nayo.

Ili kuona upya wa mazungumzo haya, inafaa kukumbuka barua nyingine za fani hii. Kati ya 1882 na 1886 Freud alimwandikia mchumba wake, Martha Bernays, mamia kwa mamia ya barua, na katika moja ya Novemba 1883 anazungumzia kazi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliyoitafsiri kwa Kijerumani akiwa kijana, miongoni mwake ikiwa makala kuhusu haki za wanawake. Anamwambia Martha kwamba wazo la kuwapeleka wanawake katika mapambano ya maisha sawasawa na wanaume ni wazo lililozaliwa mfu, na kwamba yeye angemtaka mpenzi wake katika utulivu wa nyumbani. Freud mtafsiri anamweleza mwanamke atakayemwoa kwamba kitabu alichokitafsiri kimekosea. Miaka 40 baadaye watafsiri wa Freud ni mume na mke wanaofanya kile hasa alichokikataa, kwa maagizo yake mwenyewe, na hakuna hata mmoja katika barua zile anayehitaji kutetea haki ya mke kuwa kazini.

Sasa narudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa 1953. Barua za Alix na James zipo kwa sababu walitengana. Mwaka ule mmoja, kila kilichosemwa juu ya kazi kililazimika kuandikwa, kwa hiyo kila mchango una mkono wake na tarehe yake. Abraham aliugua mwaka 1925 na kufariki tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 48, na Alix alikuwa amekwisha rudi kwa mumewe. Kuanzia hapo maswali ya tafsiri yaliulizwa na kujibiwa mezani, jioni, kwa mdomo. Ndoa yao ilidumu hadi James alipofariki Aprili 1967, yaani karibu miaka 47, na katika miaka hiyo ndipo sehemu kubwa ya kazi ilipofanyika. Hayo ndiyo yanayonisumbua: tuna ushahidi wa mwaka ambao walikuwa mbalimbali, na kwa miongo ambayo walikuwa nyumba moja tunategemea zaidi kile ambacho kurasa za mwanzo za vitabu zilichagua kusema.

Sisemi kwamba James alimpokonya mkewe sifa. Juzuu zile 24 zina utangulizi, tanbihi na marejeo ambayo ni kazi ya mkono wake, kazi ya miaka na miaka, na mwaka 1966 alitunukiwa Tuzo ya Schlegel-Tieck ya tafsiri kwa haki. Inawezekana pia kwamba Alix mwenyewe aliridhika, kwani alikuwa na shughuli zake: alitafsiri kitabu kikuu cha Klein kuhusu uchanganuzi wa watoto kilichotoka 1932, akaandaa kamusi ya istilahi za Kijerumani na Kiingereza iliyochapishwa 1943, na akaandika vitabu viwili vyake mwenyewe, kimoja kuhusu vita mwaka 1957 na kingine kuhusu taifa mwaka 1960. Kazi hizo zinaonyesha kichwa kilichokuwa kikifikiri kwa nguvu zake. Lakini kamusi ya 1943 ndiyo inayonifanya nisite kulikubali neno la usaidizi. Anayeandaa istilahi za fani nzima kwa lugha mbili anaweka vipimo ambavyo watafsiri wengine watavitumia, na katika nyumba ile mtafsiri mwingine alikuwa mumewe. Kumwita mtu huyo msaidizi kunahitaji ushahidi, na ushahidi pekee tulionao wa namna walivyogawana kazi, ule wa 1924 na 1925, unaonyesha kitu kingine.

Wapo watakaosema kwamba ndoa ya watu wanaofikiri pamoja haigawanyiki, na kwamba kuuliza nani aliandika sentensi ipi ni kuivuruga. Ningekubaliana nao kama vitabu navyo visingegawanya. Vimegawanya tayari: vimemweka mmoja juu na mwingine chini, na maktaba, orodha za vyuo na marejeo ya tasnifu vimefuata mpangilio huo kwa miaka 70, mara nyingi vikimwacha Alix kabisa na kuandika Strachey mmoja tu. Kama tafsiri haiwezi kugawanywa, basi majina yaandikwe kama yalivyoandikwa mwaka 1925.

Mwaka 2024 mkusanyo wa Freud kwa Kiingereza ulitoka upya, ukiwa umerekebishwa na Mark Solms, mchanganuzi na mwanasayansi wa ubongo kutoka Afrika Kusini. Solms hakuifuta tafsiri ya zamani; aliihifadhi, akabadilisha alipoona panahitaji, na mabadiliko yake yamepigiwa mstari hafifu ili msomaji ayatofautishe na maandishi ya awali. Ni uungwana wa kitaaluma wa kupigiwa mfano. Msomaji wa toleo hilo ataweza kuonyesha, ukurasa kwa ukurasa, Solms alianzia wapi na Strachey aliishia wapi. Ila akitaka kujua ni Strachey yupi, itambidi aziendee barua za Berlin, nazo zitamjibu kuhusu mwaka mmoja tu.